Mzee Kwanza na Diski Iliyokataa Kuonekana

Kosa wanalolifanya wengi, kitu kipya kikikataa kufanya kazi, ni kukiita kibovu. Hukirudisha dukani, huja na kingine, na hicho nacho hukataa. Hapo ndipo huanza kumtazama vibaya aliyekifunga. Kosa hilo tumelifanya wiki hii, karibu hospitali nzima, na kwa kuwa anayeagwa leo ndiye aliyetutoa humo, itabidi tulisimulie.

Fundi wetu wa kompyuta anastaafu leo, Ijumaa tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Wachache wanakumbuka jina lililo kwenye barua yake ya ajira. Kwetu sote ni Mzee Kwanza, kwa sababu ukimpigia simu kwamba mashine imekufa, hakimbii. Husema, “Kwanza tuulizane,” na wakati mwingine mkishamaliza kuulizana mnagundua kwamba hakuna aliyekufa.

Aliajiriwa kama fundi wa mashine za kupigia chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, katibu muhtasi wa wakati ule aliifunika kitambaa cheupe na kukataza isiguswe na mtu ambaye hajanawa. Mzee Kwanza alinawa. Kisha akakaa nayo wiki tatu, kitabu cha maelekezo mkono mmoja na kamusi mkono wa pili, akatoka humo akiwa fundi wa kompyuta. Hakuna aliyempa cheo hicho. Siku moja tuligundua tu kwamba anacho.

Wa siku nyingi wanaikumbuka mashine ya daktari mkuu wa upasuaji, iliyokuwa ikizima kila asubuhi saa nne kamili. Mafundi wawili kutoka nje waliifungua na kuifunga, wakaandika ripoti ndefu. Mzee Kwanza aliomba kiti, akakaa chumbani mle tangu saa mbili bila kugusa chochote. Saa nne jua lilifika dirishani na kuipiga mashine mgongoni. Tiba ilikuwa pazia.

Lakini jambo lake kubwa kuliko yote ni bahasha. Miaka tisa iliyopita, diski iliyotolewa kwenye kompyuta moja ya wodi ilionekana imetupwa kwenye kapu la taka, na ndani yake mlikuwa na majina ya wagonjwa. Hakuna aliyedhurika, lakini Mzee Kwanza hakulala. Aliandika kanuni tano, zikapitishwa, na mpaka leo ndizo tunazofuata: diski ikitoka kwenye mashine inaingia kwenye bahasha saa ile ile, bahasha inafungwa kwa gundi na kutiwa sahihi, inapelekwa stoo, haifunguliwi tena, na Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, zote zinatobolewa kwa keekee. Tangu hapo hakuna jina la mgonjwa lililotoka nje ya ukuta wetu. Kanuni hizi zimeazimwa na hospitali nyingine mbili.

Sasa tuje kwenye wiki hii.

Anayerithi karakana ni mwenzetu aliyekaa mapokezi miaka kumi na miwili, mama wa watoto watatu, aliyejifunza ufundi ukubwani kwa masomo ya jioni. Wengi bado wanamwita Dada Mapokezi. Alipewa miezi sita ya majaribio, na miezi hiyo inakwisha leo. Si siri kwamba walikuwapo waliosema simu na bisibisi wapi na wapi. Mkuu wa utawala alitakiwa kuandika taarifa yake jana kabla ya saa kumi: athibitishwe, au arudi kwenye simu zake na nafasi itangazwe nje.

Jumatatu Mzee Kwanza alimkabidhi funguo na daftari la kurasa mia moja na arobaini, ambamo ameandika kila mashine na ugonjwa wake. Wakatia sahihi, naye akaanza kuzunguka ofisini na fomu zake za kuondoka. Saa tano maabara wakaita. Laptopu inayochapisha lebo za chupa za damu ilikuwa ikigongagonga ndani kama mtu anayebisha hodi. Ni mashine ya zamani sana, lakini ndiyo pekee inayoelewana na ile printa ya lebo. Dada Mapokezi aliisikiliza, akasema diski inakufa, na alisema kweli. Akaokoa kilichokuwamo. Akachomoa diski ile, akaitia kwenye bahasha, akafunga kwa gundi na kutia sahihi, akaipeleka stoo, yote ndani ya robo saa kama kanuni inavyotaka. Akaingiza mpya, akakaza skrubu, akawasha.

Mashine ikasema haina diski.

Hapa naomba wasomaji wanivumilie nieleze kidogo, maana kuna kutoonekana kwa namna mbili, na watu huzichanganya. Diski ni kama mgeni. Anaweza kuwa amepita getini, mlinzi amemwandika, ila ndani hajaandaliwa kiti. Huyo yupo, na dawa yake ni kumwandalia nafasi. Au anaweza kuwa hajafika hata getini. Huyo hata ukipanga viti mia hataketi. Kujua ni yupi kati ya hao, unafungua ule ukurasa wa mipangilio unaotokea mashine inapowaka, kabla mfumo haujaamka. Ndilo daftari la mlinzi. Dada Mapokezi aliufungua. Mahali pa diski palikuwa patupu.

Basi alijua mgeni hajafika getini. Alitoa diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta nyingine. Ikaonekana mara moja, nzima, haina doa. Akairudisha: patupu. Jumanne akaletewa diski ya pili kutoka dukani: nayo nje inaonekana, ndani haionekani. Akatoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma, akapuliza vumbi. Patupu. Tukaanza kusema soketi ya mashine, pale diski inapochomekwa, imeharibika, na kwamba ameiharibu yeye. Lakini Jumatatu asubuhi soketi ile ile ilikuwa ikiisoma diski ya zamani. Dereva wa gari la wagonjwa ndiye aliyeiweka vizuri kuliko sisi wasomi: iliyokufa inatambulika, iliyo hai haitambuliki, basi hii mashine inataka maiti.

Mzee Kwanza aliacha fomu zake akaja. Akauliza maswali yake yote, akajibiwa yote sawasawa. Jumatano aliketi mbele ya laptopu ile tangu asubuhi mpaka saa nane, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, maswali yalimwishia. Alisoma daftari lake mwenyewe, ukurasa wa laptopu za aina ile, mara tatu. Kulikuwa na skrubu, kulikuwa na mfuniko, kulikuwa na “vuta diski kwa upole”. Wataalamu wa maabara walikuwa wameanza siku ya tatu ya kuandika lebo kwa mkono, na mmoja wao hakuficha kwamba anamkumbuka Dada Mapokezi kwa sauti yake nzuri ya simu. Mkuu wa utawala alikwisha andika sentensi moja kwenye taarifa: ameshindwa kufunga diski, na huenda ameharibu mashine.

Jana Alhamisi asubuhi Mzee Kwanza alikwenda chumba cha dawa kuazima laptopu pacha wa ile, kwa ahadi ya nusu saa. Alimwambia Dada Mapokezi asimame karibu atazame, yeye ataifungua, labda macho ya pili yataona. Akafungua skrubu, akaondoa mfuniko, akavuta diski kwa upole.

“Mzee, simama hapo hapo,” Dada Mapokezi akasema. “Mkono wa kushoto umeshika nini?”

“Sijashika kitu.”

“Umeshika. Umekichomoa kwa kidole gumba, sasa hivi.”

Mzee Kwanza alifungua kiganja akakitazama kama anayetazama kiganja cha mtu mwingine. Ndani mlikuwa na kipande cheusi, chembamba, kirefu kama njiti ya kiberiti, chenye meno madogo pande zote mbili.

Kwa wasioelewa: laptopu za aina ile zina adapta ndogo inayovikwa kwenye kichwa cha diski. Bila hiyo, diski inaingia kwenye nafasi yake vizuri kabisa, skrubu zinakaza, mfuniko unafunga, ila ndani inaishia upana wa ukucha kabla ya kufika kwenye soketi. Kwa nje huoni kitu. Adapta ni nyeusi, diski ni nyeusi, zinatoka pamoja kama kitu kimoja. Kwa miaka yote ambayo Mzee Kwanza amebadilisha diski za laptopu hizo, kidole chake kimekuwa kikiichomoa adapta kwenye diski inayotoka na kuivika inayoingia, bila kukiomba kichwa ruhusa. Kichwa hakikujua. Ndiyo maana daftari nalo halikujua.

Waliivika ile ya chumba cha dawa kwenye diski mpya, wakaingiza, wakawasha. Jina la diski likatokea. Wakaizima, wakarudisha adapta ilikotoka, kwa sababu foleni ya dawa ilikuwa imefika mlangoni. Adapta za namna hiyo hazitengenezwi tena. Ya maabara ilikuwa stoo, ndani ya bahasha, ikisubiri keekee ya saa nane.

Mtunza stoo ni mtani wa Mzee Kwanza wa miaka mingi, na fursa kama ile hakuwa na nia ya kuipoteza. Alivaa miwani, akateremsha kanuni ukutani, akasoma ya nne kwa sauti ya hakimu: bahasha iliyofungwa haifunguliwi kwa sababu yoyote ile.

“Hii sahihi hapa chini ni yako, kaka mkubwa,” akasema, “au kuna mtu anakuigiza?”

Mzee Kwanza akaomba kalamu. Chini ya kanuni ya nne akaandika kwamba kabla ya kufunga bahasha, diski inayotoka ilazwe kando ya inayoingia, na chochote kilichoko kwa moja na kisichokuwapo kwa nyingine kiondolewe; na bahasha iliyofungwa bila kufanyiwa hivyo ifunguliwe mara moja tu, mbele ya mashahidi wawili. Akataka kutia sahihi. Mtunza stoo akaufunika ukurasa kwa mkono. Safari hii hakuwa akitania: kanuni hurekebishwa na mwenye karakana, na tangu Jumatatu mwenye karakana si yeye. Mzee Kwanza akamgeukia Dada Mapokezi, akampa kalamu, akarudi nyuma hatua moja. Dada Mapokezi akatia sahihi. Bahasha ikafunguliwa mbele ya mashahidi wawili, adapta ikatolewa, diski ikarudishwa kwenye bahasha na kutiwa gundi upya, na saa nane ikatobolewa pamoja na nyingine. Saa nane na dakika ishirini, printa ya maabara ikatema lebo yake ya kwanza tangu Jumatatu.

Kisha Mzee Kwanza akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa utawala. Tuliokuwa kwenye ofisi ya jirani tulisikia kwa sababu milango yetu, kama mjuavyo, haifungi vizuri.

“Yule mama hakukosea,” alisema. “Alifuata nilichoandika, neno kwa neno. Ambacho hakimo ni changu mimi.”

Mkuu akamwuliza kama anataka liandikwe hivyo, kosa la wiki ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja.

“Liandike, mkubwa. Ukiliacha, litambakia yeye.”

Liliandikwa. Dada Mapokezi amethibitishwa tangu jana jioni, barua anayo.

Imebaki kusema kwamba rasimu ya kwanza ya ukurasa huu ilikuwa na sentensi isemayo kwamba Mzee Kwanza hajawahi kukosea. Alipelekewa aipitie. Aliirudisha ikiwa imepigwa mstari mmoja mnyoofu, na pembeni ameandika kwa mwandiko wake ule wa daftari: “Hii haina kweli, toeni.” Tumeitoa. Nafasi iliyobaki tumeijaza na kisa hiki, ambacho kinamsifu zaidi, ingawa yeye hataona hivyo.

Mzee wetu, kwa mashine ulizofufua na kwa zile ulizotuambia ukweli kwamba zimekwisha, kwa subira uliyotuonyesha tulipokuita kwa sababu ya waya uliochomoka, asante. Nenda nyumbani kwa mkeo na wajukuu, upumzike bila simu ya maabara. Heri iwe nawe, afya isikuache.

Lakini kuna jambo moja linatusumbua, naye amekiri kwamba linamsumbua pia. Kama kidole gumba kilijua kitu ambacho kichwa hakikujua, vidole vingine tisa vinajua nini? Hawezi kutuambia, kwa kuwa hajui kwamba anajua. Karakana iko wazi mpaka saa kumi alasiri, na baada ya sherehe atakuwa humo. Chukua mashine iliyokushinda, mpelekee leo kabla ya saa hiyo, na umtazame mikono.