Mama Anyesi Luhaga Aiacha Friza

Kwa heshima na taadhima, watumishi wote wa kituo wanatangaziwa kwamba kuanzia tarehe 30 Juni 2025 mfuniko wa friza ya jikoni unaweza kuachwa wazi bila mtu yeyote kugombezwa. Siku hiyo anastaafu Bi. Anyesi Luhaga, afisa lishe wetu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja.

Mama Anyesi, mzaliwa wa Mkula, alikuja hapa Bariadi mwaka 1994 kuwalisha watoto waliodhoofu hadi wapone. Ndiyo kazi ya kituo hiki, na hakuwahi kuieleza kwa maneno mengi zaidi ya hayo. Adui yake alikuwa kiangazi. Mvua ikikatika, mchicha unaadimika sokoni, na mtoto anabaki na ugali na huruma zetu.

Kwa miaka mingi mboga za kiangazi zilikuwa za makopo ya msaada: njegere na karoti. Mama Anyesi hakuyatukana makopo. Alifundisha kwamba nyuzinyuzi humo hubaki, na madini mengi pia, ila joto la kiwandani hula sehemu kubwa ya vitamini C, na nyingine huishia kwenye maji ya kopo, pamoja na chumvi ambayo mtoto hakuiomba. Mboga iliyochovywa kidogo kwenye maji ya moto na kugandishwa ingali mbichi, alisema, huitunza vitamini hiyo vizuri zaidi. Alisema hivyo kwenye kila kikao, hata kile cha kujadili tairi za gari.

Friza ikaja mwaka 2017. Tangu hapo kila masika alinunua mboga, akazichovya na kuzigandisha kwa mikono yake. Umeme ukikatika, aliifunika kwa mablanketi kama mgonjwa. Dereva wetu Jilala aliporudi na sato wa Lamadi akawaficha humo, mboga zilinuka samaki wiki nzima. Mpaka leo Jilala akimwamkia kwa Kisukuma "Mwangaluka," hujibiwa kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

Hata hivyo, kila kiangazi fizi za watoto ziliendelea kutoka damu kwa kukosa vitamini C, kama enzi za makopo. Mama Anyesi alishuku ubaridi hautoshi. Akaomba friza ya pili.

Mwezi Mei mwaka huu alikwenda jikoni kumuaga Nyamizi, mpishi wetu, akamkuta anatia magadi kwenye sufuria. Mboga zilikuwa zimechemka mpaka zimesahau zilikuwa nini, na maji yake ya kijani yalishamwagwa mtaroni. Vitamini C haihimili magadi wala moto mrefu. Mama Anyesi akamuuliza ameanza lini mtindo huo. Nyamizi alishangaa.

"Mayu, mama yangu, mboga bila magadi ni majani, hiyo tunawapa mbuzi. Na wewe si kila siku unazisifia zilivyo laini?"

Ni kweli, alikuwa akizisifia. Alilelewa kwa magadi hayo hayo, na miaka yote ya kupambanisha kopo na friza hakuwahi kuuliza mboga inapitia wapi kabla ya kufika kwenye sahani. Akaketi juu ya gunia la sembe. Nyamizi akampakulia. Akala.

Siku zilizobaki alisimama jikoni mwenyewe, akaepua mboga zikiwa bado na rangi yake. Akina mama wodini wakazirudisha, wakisema watoto wao hawakuja hapa kulishwa vitu vibichi. Nyamizi akazirudisha motoni, bila kumcheka, kwa sababu anamheshimu.

Tunamshukuru Mama Anyesi kwa kutokukata tamaa mapema kama sisi. Nafasi yake haijatangazwa. Tunamwombea uzee wenye afya na kiangazi kifupi huko Mkula.

Mboga ya sherehe ya kumuaga leo imetoka kwenye friza. Ipo motoni tangu asubuhi.