Ukurasa Usiokuwepo Sandukuni

Benchi letu liko ubavuni mwa maktaba ya chuo, upande wa nyaraka za zamani, na jua halifiki pale mpaka mchana. Sisi wa historia hukaa hapo kila asubuhi na chupa yetu ya kahawa. Yupo Wendell, tunayemwita Tanbihi kwa sababu hawezi kusema jambo bila kukutajia amelitoa wapi. Mwaka wa nane huu anaandika tasnifu. Yupo Rosalind, tunayemwita Karne, ambaye lolote lililotokea baada ya mwaka elfu moja na mia tatu kwake ni udaku. Mimi kazi yangu kumimina. Jumanne ile ya Oktoba, Ilse Bouchard, mwenzetu wa historia, alitujia mbio, koti wazi, uso umemshuka.

— Haupo, — akasema.

— Kaa kwanza, dada. Nini tena? — nikamuuliza.

— Ukurasa wangu. Ule wa moto.

Sura nzima ya tatu ya tasnifu yake imeegemea hapo. Kiwanda cha nguo cha Averill kiliungua mwaka 1911, wasichana kumi na tisa wakafia ndani, na tume ya uchunguzi ikaandika kuwa walipumbaa, wakashindwa kukimbia. Lakini mtunza makaburi wa mji, mama aliyeitwa Philomène Gagné, alikuwa na shajara. Humo Ilse alikuta mistari minne: mlango ulikomewa kwa nje, na jina la aliyeukomea. Sasa mtahini mmoja ametaka kuuona ukurasa wenyewe kabla ya Alhamisi, siku ya Ilse kuitetea kazi yake.

— Umechanwa, — Tanbihi akasema.

— Haujachanwa! Jana nimelifungua sanduku la shajara mara tatu. Wa themanini na nane upo, wa themanini na tisa upo. Ule wa katikati yao, usio na namba, haupo, na uzi wa daftari ni mzima. Lakini picha ninayo kwenye simu. Tarehe kumi na tisa Julai, saa sita na dakika nne mchana.

Alikuwa amepiga picha mia nne kwa siku mbili bila kusoma hata mstari. Usimcheke, wote tunafanya hivyo. Kusoma ni nyumbani.

— Basi mhudumu kauweka sanduku jingine, — Tanbihi akasema.

— Karatasi isiyochanwa inahamaje, bwana we? — Ilse akamjibu.

— Ukoo wa tajiri wa kiwanda huo, — nikadakia. — Wamelipa mtu awatengenezee daftari zima upya. Mwandiko uleule, madoa yaleyale.

— Wewe mimina kahawa, — Karne akaniambia. Alikuwa ameishika simu ya Ilse, ameyakuza maandishi mpaka herufi moja inajaza kioo. — Wino wa kurasa nyingine una rangi gani, Ilse?

— Kahawia. Umechujuka.

— Huu mweusi tii. Ninyi mnauliza ukurasa umekwenda wapi. Mimi nauliza uliandikwa lini. Labda mama huyu hakuthubutu kuandika alipokuwa hai.

Baridi ilinipanda mgongoni, sikatai.

— Hilo umelitoa wapi? — Tanbihi akauliza.

— Sijalitoa popote. Ndiyo maana naogopa.

Ilse akaanza kulia.

— Watasema nimeutunga. Miaka sita yangu, nitaondoka hapa naitwa mwongo. Na wale wasichana watabaki wamepumbaa milele.

Wakati huo alikuwa amekaa nasi Darlene, dereva mpya wa basi la chuo, aliyekuja kupumzisha miguu. Ni mama wa makamo, hana habari na historia.

— Hebu na mimi nione, — akasema.

Karne akampa simu. Darlene hakuyakuza maandishi. Aliirudisha picha nzima, akaisogeza mbali kidogo na macho.

— Vidole hivi vya nani?

— Vyangu, — Ilse akajibu akijifuta machozi. — Pete si hii hapa? Daftari lile halikai wazi, lazima ulibane.

— Gumba la kushoto hili. Na hili la kulia. Yote yako?

— Yote yangu.

— Ulikuwa na nani humo ndani?

— Peke yangu. Mhudumu alikuwa nyuma ya kioo.

Miezi mitatu tumeitazama picha ile, watu wanne tunaosomea kutazama, na hatukuwahi kuona ila maneno. Darlene akamrudishia simu taratibu.

— Sasa, mwanangu, simu alikushikia nani?

Ilse akainyoosha mikono yote miwili mbele yake, vidole gumba chini, akaibana hewa. Kisha akageuza shingo polepole, akatazama juu ya bega lake. Na sisi sote tukatazama hapo.