Titus Kitavi Nzioka na Kitambaa cha Manjano

Wapendwa, mimi ni Kasyoki, kifungua mimba wa nyumba hii. Tunayemsindikiza leo hapa Kangundo ndiye aliyenifuata ziwa. Aliniagiza nisome wasifu huu bila kulia. Maisha yake yote nimemwamuru mimi, kwa hivyo leo wacha nimtii, hata kama ni mara moja.

Titus Kitavi Nzioka alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, Parklands, Nairobi. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Nzioka, aliyekuwa karani wa hospitali, na Mama Kalekye, fundi wa kushona mapazia, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele. Alianza kutembea akiwa na miezi tisa. Mama husema hakutembea, alitoroka, na tangu siku hiyo kazi ya kumkimbiza ikawa yangu.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Parklands, kisha akajiunga na shule ya upili ya bweni mjini Machakos mwaka 1992. Huko alicheza raga, na kila likizo alirudi na sare iliyochanika. Mama alikuwa akiishona huku akimwombea na kumgombeza kwa pumzi moja. Mwaka 1997 alipata nafasi ya kusomea uinjinia katika chuo kimoja Marekani. Kanisa letu lilifanya harambee. Kina mama waliimba, wazee wakamwekea mikono kichwani, na mchungaji akatangaza kwamba Parklands imepata injinia. Mama alishona suti ya safari mwenyewe, na akaikosea mikono ikawa mirefu. Kitavi aliivaa hivyo hivyo mpaka uwanja wa ndege.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika. Chuoni kocha mmoja alimwona akikimbia, akamvalisha helmeti na yale mabega ya bandia, na akamfundisha mpira wa Kimarekani. Mwaka 2001, akiwa bado na mwaka mmoja wa masomo, timu ya kulipwa ikamwita. Alipanda ndege akaja nyumbani kuomba baraka ya mama. Sisi Wakamba tunajua: mzazi akikubali safari yako, anakutemea mate kifuani, na unaenda ukijua huendi peke yako. Kitavi alifungua vifungo vya shati, akasimama mbele ya Mama. Cherehani haikusimama.

"Watu wa kanisa walichanga upate kujenga madaraja," Mama alimwambia bila kuinua macho. "Hawakuchanga ukakimbizane na watu wazima."

Alifunga shati lake akaenda. Nilimsindikiza mimi.

Kazi yake ilikuwa beki wa pembeni. Nitaieleza vile alivyonieleza mimi, maana wengi wenu mlimwuliza na mkajifanya mmeelewa. Upande wa pili wanachagua mtu mwenye mbio kuliko wote, wanamtuma akimbilie mbele apokee mpira wa kurushwa. Beki wa pembeni ndiye wa kumzuia. Huyo mwingine anajua anakoenda, beki hajui. Tena anaanza kwa kukimbia kinyumenyume. Akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemwona, kwa sababu mpira hauji kwake. Akipitwa mara moja, uwanja wote unamjua kwa jina. Kitavi aliifanya kazi hiyo misimu minane, katika timu mbili, na alinyakua mipira kumi na tisa iliyokuwa ya wengine. Alisema siri yake ni kusahau. Beki anayekumbuka alivyopitwa jana atapitwa tena leo. Ndiyo maana hakuwa mtu wa kinyongo. Ulikosana naye asubuhi, mchana alikuwa akikuuliza kama umekula.

Lakini lile la cherehani hakulisahau. Kila akinipigia simu aliuliza, "Mama amesema nini?" Nami nilimjibu Mama ni mzima, amesalimia. Hakuwa amesalimia.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2003, mume wangu Wesonga aligundua hoteli moja Westlands itakayoonyesha mechi ya Kitavi kwa runinga kubwa. Tulienda familia nzima. Mama alisema yeye amekuja kula tu. Hakuwa amewahi kuketi mahali panapouzwa pombe, kwa hivyo alikaa akiipa kaunta mgongo, na soda yake mkononi. Baba alivaa tai. Mbele yetu watu wakubwa walikuwa wakigongana, na hakuna aliyeelewa lolote, ila Wesonga, ambaye hakuna asichokielewa.

Ghafla mwamuzi mmoja mwenye shati la milia akachomoa kitambaa cha manjano, akakirusha. Kikaanguka karibu kabisa na miguu ya Kitavi. Uwanja ukapiga kelele. Kamera ikamleta Kitavi mzima mzima kwenye runinga, na jina letu, Nzioka, limeandikwa chini.

"Wamemtuza!" Wesonga akasema. "Si mmeona? Ni kama vile harusini tunavyomtupia mwimbaji leso. Hapo amepewa heshima."

Wapendwa, tulipiga vigelegele! Shangazi zangu walipanda viti. Wahudumu waliacha sinia. Baba alilia, akajifuta machozi kwa tai yake. Kumbe kitambaa kile ni ishara ya faulo: Kitavi alikuwa amemshika mpinzani jezi, na timu yake iliadhibiwa. Jamaa mmoja meza ya pili alitaka kutueleza, Wesonga akamwambia, "Boss, hii ni family affair."

Ndipo Mama akasema, "Nipigieni Kitavi."

Tulingoja mechi iishe, mpaka Kitavi akapatikana kwa simu ya Wesonga. Mama akamwambia, "Weka simu kifuani." Kisha akaitemea simu mate, pu, pu, mbele ya watu wa Westlands. Akasema, "Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie." Wesonga aliipangusa kwa shati lake bila kunung'unika, na hilo nitampa haki yake.

Kitavi alinipigia kesho yake akilia na kucheka. "Kasyoki, ile ilikuwa faulo! Nimebarikiwa kwa faulo! Mama akijua ataichukua tena baraka yake." Tukakubaliana wote asiambiwe kamwe. Ndiyo maana mmekuwa mkiona kwenye sherehe zetu kila mara kuna mtu anarusha kitambaa cha manjano na kina mama wanapiga vigelegele. Wengi mlidhani ni desturi ya Wakamba. Si desturi ya Wakamba, ni ya Wesonga.

Goti lilimstaafisha mwaka 2009. Alirudi chuoni akamaliza ule mwaka mmoja, na Desemba 2010 akasimama kanisani Parklands na shahada yake ya uinjinia, akiwa amevaa ile suti yenye mikono mirefu. Kisha alifungua ofisi Hurlingham, akawa mtu wa mitaro na madaraja madogo. Kila asubuhi alikimbia kinyumenyume kwenye barabara ya nyuma ya nyumba yake, na mabawabu wakimpigia kelele, "Injinia, gari!" Jumamosi alifundisha vijana. Wengi wako hapa leo, na nawaomba mkienda makaburini mtembee kwa mbele.

Goti hilo hilo ndilo lililompa mke. Peres, binti ya Mzee Oloo, ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Siku ya kwanza alimkunja mguu akamwambia, "Hili goti ni la mzee wa kanisa." Kitavi akarudi kila wiki hata lilipopona. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 3 Desemba 2011, na Mama mwenyewe alishona vitambaa vya manjano vya harusi, dazeni mbili. Mungu aliwapa watoto wawili, Kalekye na Nzioka. Walikuwa na raha, tuliiona. Kicheko cha nyumba yao kilisikika hadi kwenye lifti.

Februari mwaka huu alianza kuumwa tumbo, na madaktari wakapata saratani ya kongosho. Alitibiwa Parklands, karibu na pale alipozaliwa. Dawa ziliposhindwa alichagua kukaa nyumbani, na Mama akahamia kwake Hurlingham. Siku moja ya Agosti, mimi nikiwa namenya viazi hapo hapo, alimwambia, "Mama, kuna jambo nimekuficha. Siwezi kuondoka nalo. Kile kitambaa hakikuwa zawadi. Nilikuwa nimekosea."

Mama aliendelea kumkanda miguu. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo, soda yangu haijafika nusu. Yule mtu wa milia alikiokota akakirudisha mfukoni. Umewahi kuona wapi zawadi inaokotwa na aliyeitoa?"

Kisu kilinianguka, wapendwa. Miaka ishirini na miwili tumemlinda mama huyu!

Kitavi akauliza, "Sasa mbona ulinibariki?"

"Nilikuwa nimechoka kununa, mwanangu. Nilitafuta mlango wa kutokea kwa miaka miwili. Wesonga akaufungua bila kujua, nikapita."

"Na baraka yenyewe, ilikuwa ya kweli?"

"Mate yalikuwa yangu, kifua kilikuwa chako. Hicho kitambaa kinatuhusu nini?" Kisha akamfungua vifungo vya pajama, akambariki tena, mara hii bila simu. Kitavi alilala usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa wiki nyingi.

Alitutoka kwa utulivu nyumbani kwake, Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, Peres akiwa amemshika mkono. Tunaumia sana. Lakini tuliagana tukiwa hatuna deni la maneno, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Ameacha mama yake Kalekye, mke wake Peres, watoto wake Kalekye na Nzioka, dada yake ambaye ni mimi, shemeji yake Wesonga, ambaye bado anashikilia kwamba ilikuwa heshima, na vijana wengi wanaokimbia kinyumenyume Parklands.

Jambo la mwisho. Mama ameshona kitambaa kimoja cha manjano wiki hii, na jeneza likishateremka atakirusha yeye mwenyewe. Tafadhali, kina mama, kikianguka tusaidieni vigelegele, kama Westlands. Na vijana, najua mmefundishwa adabu, lakini msije mkaruka kukichukua. Mama amesema hiki ni zawadi, hakiokotwi.

Lala salama, Kitavi wetu.