Shule Inayokataa Wengi

King'ora cha mgodi kikishalia saa kumi na wanaume kunawa vumbi, benchi la mbele ya duka la Kanji, hapo Geita, lilijaa lenyewe. Mwaka huo wa hamsini na nne lilikuwa na wenyewe watatu. Stanslaus, mlipua miamba, aliitwa Baruti hata na mkewe. Selestine, tarishi wa baraza la mtemi, kwa kupenda kwake kukata hukumu, aliitwa Korti. Wa tatu, Maduhu wa kinu cha kusaga mawe, alikosa jina la utani kwa sababu maneno yake yalikuwa machache mno kumponza. Mzee Feruzi, mtu wa Ujiji, ndiye aliyewamiminia kahawa na kuwasikiliza bila kulipwa kwa hilo la pili. Jumamosi hiyo Maduhu alikuja na barua mfukoni. Shule ya wasichana ya Tabora ilikuwa imemnyima nafasi binti yake Mbuke. Shule mpya ya masista, huko Mwabulungu, ilikuwa imempokea, na lori lilikuwa liondoke Jumatatu. Maduhu alitaka binti akae nyumbani mwaka mzima, kisha aijaribu Tabora tena. Mkewe alikuwa hajamsemesha tangu Alhamisi, ndiyo maana alilihitaji benchi.

— Lete hiyo barua, alisema Korti, akaipokea kwa mikono miwili. Aisee. Imepigwa kwa mashine. Na muhuri.

— Inasema amekosa, Mzee Feruzi alimkumbusha.

— Amekosa wapi? Tabora. Mimi na wewe hata kukosa hatujawahi. Kukataliwa na Tabora ni cheo, bwana. Mwabulungu je, waliandikaje?

— Kwa mkono, Maduhu alikiri.

— Umeona.

Maduhu aliona, na roho yake ikatulia kidogo.

— Sisi watu wa mgodini tunashindwaje kuelewa? Baruti alidakia. Tunapasua mawe malori kumi, tunapata dhahabu ya kujaza kijiko. Yanayotupwa ndiyo yanayoonyesha dhahabu ni mali. Shule ikichukua kila anayepiga hodi, hiyo ni kokoto.

Hilo lilimwingia Maduhu moja kwa moja, kwani mawe ndiyo kazi yake. Miaka tisa kwenye kinu ilikuwa imemfundisha kuheshimu kitu kwa ukubwa wa lundo la takataka zake.

— Mama Mbuke anasemaje? aliuliza Feruzi.

— Anasema msichana wa miaka kumi na sita hawekwi nyumbani mwaka mzima. Anasema wameshaanza kupita vijana wanaojidai kuulizia ng'ombe waliopotea.

— Ng'ombe wamepatikana?

— Hata kwato.

Benchi lilicheka. Maduhu alicheka nyuma yao, bila raha.

— Wanawake hawaijui elimu, Korti alikata hukumu. Kuna mzee kule Kharumwa, mwanawe alisoma Tabora. Alirudi likizo, bibi yake akamwamkia Kisukuma, kijana akamjibu Kiingereza. Bibi alilia kwa furaha.

— Ulijuaje ni kwa furaha? aliuliza Feruzi.

— Alilia. Sababu hakuitaja.

— Huko kila mtoto ana kitanda chake, Baruti aliongeza. Na kijiko chake. Nasikia hata mbu wa kule si kila mbu.

— Wanafanyiwa mtihani? Feruzi aliuliza taratibu.

— Cheka tu, mzee. Shule ikikataa wengi ndiyo bora, kweli gete.

— Basi iliyo bora kuliko zote ni ile isiyochukua mtu.

— Ipo, alisema Korti, uso mkavu. Ipo Ulaya. Tangu ijengwe haijachukua hata mmoja.

— Na walimu wake kutwa wanafanya nini?

— Wanakataa.

Hapo ndipo mwanamke mmoja, aliyeshuka kwenye lori la dagaa la Nkome, aliposimama mbele yao na mzigo kichwani. Alijitaja kuwa Paskalia. Mke wa mdogo wake alikuwa karibu kujifungua, na walikuwa wamekuja kusubiri siku zake karibu na hospitali.

— Nimeambiwa nimtafute Nesi Scolastika, baba zangu.

Benchi zima lilisogea kumpisha.

— Umefika, mayu, alisema Baruti. Mke wangu alilala na mtoto amekaa vibaya tumboni, wote tukakata tamaa. Yule mama alimgeuza kwa mikono yake. Mtoto sasa anachunga mbuzi.

— Wangu wa mwisho alipokelewa na huyo huyo, alisema Korti, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

— Mwanamke yule ni dhahabu, alisema Maduhu.

Paskalia alitua mzigo, akajifuta jasho.

— Nina binti darasa la nne, anasema naye atakuwa nesi. Huyu wenu alisoma shule gani?

— Tabora, alisema Baruti.

— Umemsikia akisema? aliuliza Feruzi.

— Yaya, sijamsikia. Nadhani tu.

— Ana cheti ukutani, alisema Korti. Nimekiona.

— Kimeandikwaje?

— Sikusoma. Mke wangu alikuwa analia ndani.

Wote walimgeukia Maduhu. Alikuwa amepita mlango wa nesi yule mara nne, kila mara akiwa na mkewe mkononi, na wala halikumjia mdomoni swali hilo. Alikuwa ameuliza kitu kimoja tu, kama yupo.

Alinyanyuka, akamwonyesha Paskalia njia ya hospitali kwa kidole, kisha akaingia dukani kwa Kanji.

— Nipe kufuli. Dogo, la sanduku la mwanafunzi.

— Shule ipi sasa, wewe bebe? Korti aliita kutoka nje.

— Ya Jumatatu, alijibu Maduhu.