Mzungu Aliyepumua kwa Masikio

Sogeeni hapa, wajukuu, na mwenye muwa mdomoni autoe kwanza. Hadithi hii ina filimbi ndani, haitaki kutafuniwa. Ilikuwa Nakivubo, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, kwenye benchi la Rehemah, Mnubi aliyeuza kahawa ya tangawizi. Okeny, mpiga filimbi wa bendi ya polisi, alikuwa mtoto wa Gulu, na wenzake wa kaskazini walikuwa wakiitwa kambini mmoja mmoja, hawaonekani tena. Jumamosi angechaguliwa mpiga filimbi mmoja wa kwenda na bendi Nairobi. Rehemah alijua: Okeny akichaguliwa, atabaki huko huko. Benchi zima lilijua, wala halikusema. Lilisema habari za Mzungu.

Mzungu mwenyewe alikufa miaka mia nyuma. Alitunga nyimbo za filimbi akazipiga yeye, na wimbo wa mtihani wa Jumamosi ulikuwa wake. Mahali pamoja aliandika mistari miwili mizima bila nafasi ya kuvuta pumzi. Hapo Okeny alikwama kila siku.

— Huyu alikuwa na mapafu matatu, alisema Sebit, fundi viatu waliyemwita Redio.

— Matatu yakae wapi, ssebo? Marjan akamjibu. Alifagia wodi za hospitali, wakamwita Daktari. — Walikuwa mapacha. Mwenzake alifia tumboni, akamwachia pumzi zake.

— Umeona wapi wewe?

— Nimefagia mengi.

— Basi alipumua kwa masikio. Tazama picha yake hapo kwenye karatasi ya wimbo, nywele zimeyafunika. Anaficha.

Okeny akacheka, bambi, maskini wa watu, mara ya kwanza wiki hiyo. Rehemah akamjazia kikombe bila kuombwa.

— Piga tena, mwanangu.

Ndipo akaja Laker, mkewe, na sare ya bendi aliyoipiga pasi. Okeny hakuwa amemwambia neno, ili wanajeshi wakimhoji asiwe na la kuficha.

— Habari ya kazi, mama. Akamgeukia mumewe. — Wakikuchagua, mtarudi siku gani? Nijue lini nikusagie simsim, ufuta wako uupendao.

Redio akainamia sindano yake. Daktari akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Okeny akaipangusa filimbi.

Laker akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Kisha akailaza sare magotini mwa mumewe, akafunga kifungo cha juu polepole.

— Nitasaga nyingi, alisema. — Ubebe.

Okeny alichaguliwa. Laker alimfuata baada ya mavuno mawili, kwa njia ya mpaka wa Busia. Filimbi ya polisi haikurudishwa. Anayo Adyero, binti yao. Birika la kahawa alilirithi Jalia, mtoto wa Rehemah. Benchi wanajeshi walilifanya kuni. Nyundo zake Redio alimwachia Daktari, ambaye hajashona hata kiatu kimoja, na kila Ijumaa huzipaka mafuta.