Balozi Katika Nusu ya Wageni

RISALA YA WACHEZAJI WA TIMU YA TAIFA KWA MHESHIMIWA WAZIRI WA MICHEZO, SIKU MOJA KABLA YA MCHEZO NA VIGOGO

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri. Viongozi wa shirikisho la soka. Mwalimu wetu wa timu. Mama yetu mtunza jezi. Wapishi mliotuvumilia wiki nzima. Mabibi na mabwana:

Sisi wachezaji wa timu ya taifa tunakushukuru kwa kuja kutuona leo, siku ambayo watu wengi wameona heri waende kupiga picha nje ya hoteli walikofikia vigogo.

UKARIBISHO

Karibu katika bwalo la chuo hiki cha ualimu. Wanafunzi wako likizo, nasi tumeazimwa vitanda vyao. Vitanda ni vifupi kidogo, hata kipa wetu analala miguu ikiwa juu ya kiti, lakini maji yanatoka na paa halivuji. Hatuna la kulalamika.

Mheshimiwa, turuhusu tumtambulishe msomaji wa risala hii. Ni mshambuliaji wetu, jezi namba tisa. Maishani ni msoma mita wa idara ya maji, na ndiyo sababu tulimchagua. Tulimwambia kwamba mtu aliyezoea kusoma tarakimu zilizojaa tope chini ya mfuniko hawezi kushindwa na karatasi safi. Alikubali kwa shingo upande. Karatasi hizi tumempa akiwa amekwisha simama mbele ya kipaza sauti, na tulifanya hivyo makusudi, kwa kuwa hajui yaliyomo kurasa za mbele. Tunamwomba asome kila neno. Kipa ana nakala, amekaa mstari wa mbele, na anafuatilia kwa kidole.

HISTORIA FUPI

Timu yetu imekutana na vigogo mara kumi na moja. Tumefungwa mara kumi na moja. Wao wana kabati la vikombe ambalo tunaambiwa lina mhudumu wake wa kulifuta vumbi. Sisi tuna kikombe kimoja, nacho tulipewa kwa nidhamu.

Hatuishi kwa mpira. Kipa wetu ni fundi bomba, beki wetu wa kulia anafundisha hesabu, kiungo wetu ni kinyozi na wengi wetu hapa tumepita mikononi mwake, kama unavyoona. Tunaomba ruhusa kazini ili tuje kufungwa, na wakuu wetu wa kazi wanatupa ruhusa hiyo huku wakicheka.

Kwa kuwa vigogo wametuzidi kwa kila kitu, mwalimu alitutafutia namna ya kucheza. Watu kumi tunakaa nyuma, tunaziba. Mmoja tu anabaki mbele, katika nusu ya wageni, dakika zote tisini. Huyo ni msomaji wa risala hii. Kwa kuwa anaishi ugenini peke yake na kazi yake ni kuwakilisha, tulimpa jina la Balozi.

Sheria ya Balozi ni moja: harudi nyuma. Hata tukipigwa kona kumi, harudi. Maana yeye akibaki kule, vigogo hawana budi kuwaacha mabeki wao wawili wamlinde. Kila mtu anajua kuhesabu hadi mbili, Mheshimiwa, lakini ukiwa umebanwa langoni mwako dakika ya sabini, wale wawili wasiokuja ni wengi sana.

MAFANIKIO

Mara ya tisa tulifungwa mabao tisa. Mara ya kumi, saba. Mara ya kumi na moja, mwaka jana, matatu. Beki wetu mwalimu wa hesabu amepiga hesabu akasema mwelekeo ni mzuri, ila hataki kuulizwa zaidi.

Katika mchezo huo wa mwaka jana tulikaa karibu dakika themanini bila kufungwa. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya, na tutalirudia katika kichwa kinachofuata.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, risala nyingi hufika hapa zikataja viatu. Viatu vyetu ni kweli vimechoka, lakini leo tunaomba tuzungumze habari za mtu mmoja. Msomaji, endelea tafadhali. Usikohoe.

Balozi amecheza mechi arobaini na moja na hajafunga bao. Mwaka jana aligusa mpira mara saba, na tatu kati ya hizo ilikuwa ni kuanzisha mchezo baada ya sisi kufungwa. Muda uliobaki alisimama. Anajua mchezo unakwendaje kwa kusikiliza kelele tu, kwa sababu kutoka kule haoni kitu ila migongo ya vigogo. Matangazo yote ya ukuta ulio nyuma ya goli la wageni amekwisha yakariri. Mabeki wawili wa vigogo, mmoja mrefu na mwingine mwenye kipara, wamemzoea hata wanaulizana hali. "Watoto hawajambo?" "Hawajambo. Na mama yako, goti lake?" Watu watatu wamesimama juani wanaongea habari za goti, na huku nyuma sisi tunakufa.

Uwanja wenyewe nao una mambo yake. Watazamaji wetu wanapenda mabao, na wanajua yataingia wapi. Basi wote hujazana nyuma ya goli letu, na wengine wamevaa jezi za vigogo. Baada ya mapumziko, timu zikibadilishana magoli, nao huhama. Upande anaochezea Balozi hubaki saruji tupu. Mtu amevaa jezi ya nchi yake, yuko nyumbani kwao, na hakuna hata mmoja wa kumtazama.

Kazini nako ni vilevile. Anabisha mageti kutwa nzima, anasubiri mtu amshike mbwa, na mara nyingi anaambiwa "hakuna watu" na mtu. Amezoea. Tulidhani mtu akizoea jambo, halimuumi tena. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa hilo ni letu.

Watu walianza kumwita mvivu. Mwanzo ilikuwa jukwaani, halafu sokoni, halafu shuleni kwa binti yake. Asubuhi ya mchezo wa mwaka jana binti huyo, mwenye umri wa miaka tisa, alimuuliza akiwa anafunga begi: "Baba, mbona wenzako wanachoka na wewe unasimama tu?" Akamjibu, "Ndiyo kazi niliyopewa, mama." Mtoto akasema, "Omba nyingine."

Dakika ya sabini na nane tulipigwa kona. Bado ilikuwa bila kwa bila. Tulikuwa hoi, kinyozi wetu alikuwa amebanwa na misuli, na kelele za jukwaani zilikuwa zinatetemesha nguzo za goli. Mara tukamwona Balozi yuko katikati yetu, ndani ya boksi, anahema. Amekimbia uwanja mzima. Kipa alimwambia, "Umefuata nini huku? Rudi." Hakurudi. Aliruka, akaupiga mpira ule kwa kichwa, ukatoka nje.

Na uwanja mzima ukampigia makofi. Katika mechi arobaini na moja, Mheshimiwa, hiyo ndiyo siku pekee aliyopigiwa makofi, na alikuwa anavunja sheria.

Akabaki nasi. Dakika mbili hazikupita, tukaona beki mrefu na yule mwenye kipara wanavuka mstari wa kati, mmoja kulia, mmoja kushoto, wanakuja taratibu kama watu walioruhusiwa kutoka kazini mapema. Mabao matatu yaliingia katika dakika tisa. Mawili alifunga yule mrefu.

Baada ya filimbi, beki huyo alikuja mpaka mlangoni mwa chumba chetu akiwa na taulo shingoni. Hakuja kutukejeli. Alimuuliza Balozi, "Kwa nini ulituacha? Mwalimu wetu alikuwa ametukataza kuvuka mstari kwa ajili yako. Sisi tulikwisha jua ni sare." Balozi aliendelea kufungua kamba za viatu.

Mheshimiwa, kesho yake ulizungumza redioni. Tulikusikiliza kwa heshima zote, tumeizunguka redio ya mama mtunza jezi. Ulisema umefurahi kumwona mshambuliaji amezinduka, amerudi kusaidia wenzake, na kwamba laiti angefanya hivyo tangu dakika ya kwanza tusingefungwa. Tangu siku ile mwalimu amepokea barua mbili za shirikisho zinazomtaka amrudishe Balozi nyuma. Tunasema haya bila kukukosea adabu. Wewe ulikuwa jukwaa kuu, na kutoka pale mtu anayekimbia anaonekana mtu mwema.

Sisi tulijua ukweli, tukanyamaza mwaka mzima. Tulinyamaza kwa kuwa tuliona aibu kumlaumu mtu ambaye nchi nzima inamsifu, na kwa kuwa tulikuwa na hasira naye kidogo. Kwenye basi tulimwachia kiti cha nyuma peke yake. Hilo nalo tulifanya.

Msomaji, hapa ndipo pagumu. Kunywa maji kwanza.

Mwezi uliopita kipa alikwenda kutengeneza bomba nyumbani kwa Balozi. Walikuwa chini ya sinki wote wawili, mmoja ameshika spana na mwingine tochi, na pengine kwa sababu hawakuwa wanatazamana, kipa akamuuliza, "Siku ile ulikuja kutusaidia, au ni yale maneno ya mtoto?"

Balozi akasema, "Wala sikuja kusaidia. Nilisikia upweke."

Kipa akaweka spana chini. Balozi akaendelea, "Nyinyi mkifungwa mnashikana mabega. Mnatukanana, mnanyanyuana. Mimi nikigeuka naona mabeki wa watu wanapongezana. Nilitaka nije nisimame nanyi kidogo tu, halafu nirudi. Halafu wakapiga makofi."

Mheshimiwa, kipa alituletea maneno hayo, na hakuna aliyelala vizuri wiki ile. Tulikuwa tumechoka sote siku ile, hilo ni kweli, lakini sisi tulikuwa kumi.

Juzi, baada ya mazoezi, Balozi aliikunja jezi yake, akampelekea mama mtunza jezi. Akamwambia, "Mama, mpe mwingine. Siku ya mchezo sitacheza. Nikibaki mbele wananchi watanizomea, nikirudi nyuma nitawaponza hawa." Mama akamjibu, "Mimi nafua, sipangi timu." Aliipiga pasi upya, akaenda kuiweka juu ya kitanda chake. Mpaka saa hii iko palepale, na Balozi analala ukingoni ili asiiguse.

MAOMBI

Tunajua umezoea kuombwa basi, Mheshimiwa. Basi tunalo, linasukumwa lakini linafika.

Ombi letu la kwanza ni kiti. Kesho tunaomba usikae jukwaa kuu. Kuna saruji nyuma ya goli la wageni ambayo kipindi cha kwanza haijawahi kukaliwa na mtu. Tumekwisha ifagia, na mwalimu wa hesabu ameipima: inatosha watu elfu moja na mia mbili. Tunaomba ukae pale. Wewe ukikaa pale, wakuu wa idara watakaa pale, na wapiga picha watawafuata, na wananchi hawawezi kuwaona wakubwa wamekaa mahali wasiende kuchungulia. Wakati wa mapumziko, tutakapobadilisha magoli, tunaomba uhamie upande wa pili. Ni mwendo wa dakika sita kwa hatua za kawaida. Tumeutembea.

Ukifika hapo huna haja ya kushangilia. Mpira hautafika mara nyingi, na tunakuonya mapema kwamba utachoka. Inatosha akigeuka aone uso wa mtu wa kwao. Na ukiona amesimama tu mikono kiunoni, tunaomba umwambie aliye kando yako kwamba huyo yuko kazini.

Ombi la pili hatuliombi kwako, Mheshimiwa, ila tunakuomba uwe shahidi.

Balozi, tunakuomba uivae hiyo jezi. Mwaka jana tuliona umekosea, hatukukuuliza kwa nini, na tukakuachia kiti cha nyuma. Tusamehe. Tunajua tunachokuomba. Kesho utasimama tena juani na hutaona ila migongo ya vigogo, na sisi tutapigwa kona, na utasikia kelele zile. Usirudi. Hata ukisikia tunazama, usirudi. Sisi ndio tutakaokuja huko. Tumekubaliana jana bila wewe, na mwalimu ameridhia: kesho, hata kama tumebakiwa na pumzi moja, mara moja tu katika dakika tisini, tutavuka mstari wa kati sote kumi na mpira wetu, tukuletee mpaka miguuni. Pengine tutafungwa kwa ajili hiyo. Tumeshapiga kura, na hakuna aliyekataa.

Mheshimiwa Waziri, Mungu akufikishe nyumbani salama na kesho akurudishe mapema, kabla saruji haijapata moto. Awape wageni wetu usingizi mzito na asubuhi nzito zaidi. Nasi atupe miguu ya kwenda mbele mara hiyo moja.

Ni sisi,
Wachezaji wa Timu ya Taifa,
kumi wa nyuma, wa benchi wote, na wewe unayesoma.