Bawa Alilolikata Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Mama Gonga anakabidhi aproni na funguo za stoo. Tusifichane: karakana nzima ina wasiwasi.

Alianza kwa kufagia, enzi tulipokuwa tukitengeneza matangi ya maji. Baadaye wakaja wateja wachache wanaojijengea ndege nyumbani, na yeye ndiye aliyejifunza kukata povu gumu kwa waya wa moto, kulivika kitambaa cha nyuzi za kioo na kulinywesha gundi ya resini kabla haijaganda. Jina alilipata kwa kugonga kila kipande kwa sarafu. Mlio mkali, kizima. Mlio mzito, kina kasoro. Aliwahi kugonga meza mpya ya meneja, akasema gundi imeachia. Wiki iliyofuata meza ikabwaga mafaili yote chini.

Mwaka juzi alitengeneza mabawa ya ndege ya mwalimu mmoja wa hesabu, aliyeihangaikia kwa miaka sita. Aliyakagua, akatia sahihi. Siku tatu kabla ya tarehe iliyopangwa ndege iruke, tulikwenda uwanjani kuitazama. Akagonga bawa la kushoto, karibu na shina, pale linapoungana na mwili wa ndege. Akarudia. Nilikuwa kando yake, sikusikia tofauti yoyote. Rangi ilishapakwa, na mwalimu alishaalika ukoo mzima.

"Mwalimu," alisema, "sahihi ni yangu. Bawa hili lisiruke."

"Mama, una uhakika?"

"Sina. Ndiyo maana nataka kulikata."

Mwalimu alizunguka ndege yake mara mbili, kisha akaitikia kwa kichwa. Mama Gonga akalipasua. Lingekutwa zima, angekuwa ameharibu jasho la mtu na jina lake mwenyewe. Ndani tulikuta kitambaa kikavu, upana wa kiganja, resini haikufika kabisa. Hakusingizia joto wala haraka, alisema tu, "Nimekosea." Alilijenga upya kwa wiki saba, akakonda mpaka nguo zikampwaya.

Siku ya kuruka, mwalimu akiwa usukani, Mama Gonga alinishika mkono, kucha zikaniingia. Mke wa mwalimu hakuthubutu kutazama juu. Alimkazia macho Mama Gonga, asome usoni mwake kinachoendelea angani. Ndege ilikaa hewani dakika kumi na moja. Magurudumu yalipogusa ardhi, mke wa mwalimu alikaa chini kwenye nyasi akalia. Mama Gonga aliomba maji, akanywa bilauri tatu mfululizo, kisha akauliza kama kuna aliyekumbuka kufunga stoo.

Hakuna aliyekumbuka.

Mama, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuonyesha mtu mzima anavyosema "nimekosea" mbele ya watu. Nenda kapumzike, mwili uwe na afya, wajukuu wakuchoshe kwa vicheko. Sisi tutabaki hapa na woga uleule uliotuachia, wa kasoro iliyojificha ndani, na hatuna nia ya kuupoteza.